Breki za dramu za nyuma: fungua kwanza, spea baadaye

Kama una gari la zamani la porini na breki za nyuma zimeanza kukusumbua, usiagize spea yoyote kabla hujatoa gurudumu na dramu (kile chuma cha mviringo kinachozunguka na gurudumu) ukaona kilichomo. Jina lililoandikwa mgongoni mwa gari halitoshi, wala mwaka wa kutengenezwa. Gari lenye miaka 30 au zaidi limepitia mikono mingi. Ekseli inaweza kuwa imetolewa kwenye gari jingine, dramu zimeshachongwa ndani kwa mashine, na wili silinda (silinda ndogo ya mafuta inayosukuma breki ya gurudumu) ni ile iliyopatikana siku ile gari lilipokwama.

Hata kiwandani mambo hayakuwa mamoja. Land Rover Series fupi, zile za inchi 88 kati ya ekseli na ekseli, kwa kawaida zilikuwa na dramu za nyuma za inchi 10, na ndefu za inchi 109 zikapewa za inchi 11. Jeep Cherokee za XJ zipo zenye dramu za inchi 9 na zipo zenye za inchi 10. Baadhi ya Land Cruiser za mfululizo wa 40 zina wili silinda mbili kwa kila gurudumu la nyuma, ilhali magari mengi yana moja tu. Ukimwambia muuzaji "nipe shuu za nyuma za gari fulani" (shuu ni vile vipande vilivyopinda vinavyobana dramu kwa ndani), atakisia, na makisio hayo utayalipia wewe. Mimi niliwahi kupewa shuu zenye mviringo sahihi kabisa lakini nyembamba kuliko zangu. Zingeingia, na breki ingeshika kwa namna fulani, ila sehemu ya dramu isingeguswa kabisa. Tangu hapo naenda dukani na vipimo vilivyoandikwa, na shuu ya zamani mkononi.

Kitu cha kwanza kupima ni dramu yenyewe. Nyingi zina maandishi yaliyochongwa au kuyeyushiwa kwenye chuma yakitaja kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa. Kwa dramu ya Toyota ya milimita 295, kwa mfano, kikomo ni 297. Pima ndani kwa kalipa ya kupimia sehemu tatu tofauti za mzunguko. Vipimo vikitofautiana, dramu imekuwa yai, na ndiyo maana pedeli inapigapiga mguuni. Angalia pia madoa ya bluu ya joto na nyufa ndogondogo. Mikwaruzo midogo huchongwa ikaisha, lakini uchonge dramu zote mbili kwa kipimo kimoja, la sivyo gari litavuta upande. Dramu ikiwa tayari imekaribia kikomo, mimi sichongi, nanunua mpya mbili. Chuma kikishakuwa chembamba hakiwezi kubeba joto la mteremko mrefu, na gari la porini huteremka likiwa na mzigo.

Kuna jambo watu hulipita hapa. Shuu mpya zimetengenezwa kwa mviringo wa dramu mpya. Ukizitia kwenye dramu iliyochongwa hadi karibu na mwisho, zinagusa katikati tu na ncha zinabaki hewani. Paka chaki ndani ya dramu, rudisha kila kitu, zungusha huku mtu akikanyaga pedeli taratibu, kisha fungua uone chaki imeganda wapi. Ikiwa ni mstari mwembamba katikati ya shuu, breki itakuwa dhaifu mpaka shuu zisagike zilingane na dramu, na huo si wakati wa kwenda milimani.

Sasa wili silinda. Hapa ndipo kosa la vipimo lina hatari kubwa zaidi, kwa sababu halionekani kwa macho. Silinda mbili zinaweza kuwa na umbo moja, matundu ya boliti yaleyale na mdomo uleule wa bomba, lakini pistoni moja ikawa ya robo tatu ya inchi na nyingine ya inchi 7/8. Tofauti ni kama milimita tatu tu. Lakini nguvu inafuata eneo la pistoni, na eneo hukua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo ile kubwa inasukuma shuu kwa nguvu zaidi kwa takriban asilimia 36 kwa presha ileile. Matokeo yake ni pedeli inayozama zaidi na magurudumu ya nyuma yanayoganda mapema. Kwenye mteremko wa changarawe, uzito mwingi umehamia mbele na nyuma ni nyepesi. Magurudumu ya nyuma yakiganda hapo, gari linageuka ubavu. Soma kipimo kilichoandikwa kwenye mwili wa silinda au pima pistoni, usitosheke na umbo.

Je, kubadilisha raba za ndani tu au silinda nzima? Kama ukuta wa ndani unang'aa na hauna vishimo, raba mpya zinatosha. Ukiona vishimo vya kutu, nunua silinda nzima, upande wa pili pia. Vishimo hivyo vinatokana na maji, maana mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hufyonza unyevu kadiri miaka inavyopita. Kusugua kwa msasa kunaongeza nafasi kati ya raba na ukuta, na uvujaji hurudi. Raba zisioshwe kwa petroli wala kupakwa grisi ya kawaida, zinavimba. Tumia mafuta ya breki yenyewe.

Kabla hujachagua shuu, tafuta kilichoziua zile za zamani. Kama zimelowa, nusa. Oili ya difu ina harufu kali ya salfa, na ikionekana hapo ujue oili sili ya ekseli (raba inayozuia oili isivuje) imekwisha, pengine na beringi imelegea. Majimaji yasiyo na harufu hiyo, ambayo yamebabua rangi ya bamba la nyuma linaloshikilia shuu, ni mafuta ya breki kutoka kwenye wili silinda. Kwa vyovyote vile shuu zilizolowa hazioshwi. Lainingi, lile tabaka la msuguano juu ya shuu, imeshanyonya mafuta, na hata ukizikausha, joto litayatoa tena siku ya kwanza ya kazi. Nimeona watu wakifunga shuu mpya juu ya sili inayovuja, na inaniuma kila mara, kwa sababu sili ni kitu kidogo sana ukilinganisha na seti nzima iliyoharibika. Iweke kwenye orodha ya ununuzi.

Shuu huja za aina mbili, za gundi na za riveti. Za gundi unaweza kuzitumia hadi lainingi iwe nyembamba zaidi, kwa kuwa hakuna kichwa cha riveti cha kukwaruza dramu. Lakini gari linalovuka maji na kulala na matope ndani ya dramu huingiza kutu chini ya lainingi, na kutu ikivimba inaweza kuibandua gundi. Kwa gari la aina hiyo mimi nachukua za riveti, na kuzikagua mapema zaidi. Wengine watanipinga, na kwa gari la barabara ya lami wana haki.

Kwenye ukingo wa lainingi nyingi, hasa zinazofuata mtindo wa Marekani, utakuta herufi mbili mwishoni mwa msimbo. Ya kwanza inaeleza mshiko (kipimo cha msuguano) katika joto la kawaida, ya pili mshiko zikiwa zimechemka. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukiona FE, ujue mshiko unapungua joto likipanda. Usivutwe na herufi ya mshiko mkubwa zaidi kwa breki za nyuma huku za mbele zikiwa za kawaida, maana utarudi kwenye tatizo lilelile la nyuma kuganda kwanza. Chagua daraja la asili la gari lako. Kwa Ulaya, alama ya kanuni ya R90 inaonyesha kwamba spea imepimwa dhidi ya ile ya asili.

Kama shuu mbili za gurudumu moja zina lainingi za urefu tofauti, kama ilivyo kwenye Jeep nyingi, ile fupi hukaa mbele na ndefu nyuma.

Springi wengi huzirudishia za zamani kwa sababu hazijavunjika. Joto huzilegeza bila kuzivunja. Springi iliyolegea haiirudishi shuu vizuri, shuu inasugua, dramu inachemka, springi inalegea zaidi. Nunua seti nzima pamoja na pini zake. Ajasta (skrubu za kurekebisha nafasi ya shuu) zenye nyuzi zina upande wa kushoto na wa kulia, nyuzi zake zinapingana. Ukizifunga pande zisizo zake, kila inapojirekebisha inalegeza badala ya kukaza. Vizibo vya raba vya matundu ya bamba la nyuma navyo viangalie. Tundu lisilo na kizibo ni mlango wa mchanga, na mchanga unakula shuu mpya kwa kasi ya kutisha.

Kuna magari, Hilux nyingi zikiwemo, yenye vali inayounganishwa na ekseli kwa mkono wa chuma ili kupima mzigo. Ekseli ikiwa mbali na chasisi, vali inaamini gari ni tupu na inapunguza presha ya nyuma. Ukiinua gari kwa springi ndefu bila kurekebisha mkono huo, breki za nyuma zitabaki legevu hata ukinunua shuu bora duniani. Tairi kubwa zaidi nazo zinapunguza nguvu ya breki inayofika ardhini. Mambo hayo mawili yachunguze kabla ya kulaumu spea.

Vumbi la shuu za zamani usilipulize kwa upepo wa kompresa. Zinaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, ambayo Uingereza ilikamilisha kuipiga marufuku mwaka 1999 na Marekani ikaizuia aina yake nyeupe mwaka 2024. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe kikiwa kibichi.

Ukishafunga, rekebisha shuu kwanza mpaka zisugue kidogo tu, halafu ndipo ushike kebo ya hendibreki. Ukianza na kebo, utakuwa unaificha nafasi iliyobaki kati ya shuu na dramu. Land Rover Series hazihusiki na hili, hendibreki yake iko kwenye shafti nyuma ya gia. Toa upepo kwenye mafuta ya breki, piga breki za upole kwa mwendo mdogo mara nyingi, kisha simama bila kukanyaga sana na usogeze kiganja karibu na kila dramu. Moja ikiwa moto kuliko mwenzake, fungua tena upande huo siku hiyohiyo.