Kwa nini rubani wa DH.50 alikaa nje, nyuma ya abiria wake?

Swali: Nimeona picha ya ndege ya barua ya Qantas, shirika la ndege la Australia, ya miaka ya 1920, yenye mabawa ya juu na ya chini. Abiria wamo ndani ya chumba chenye madirisha, ilhali rubani amekaa nyuma yao, kichwa wazi kwenye upepo. Je, kuna sababu ya kiufundi, au mtengenezaji alibana matumizi tu?

Jibu: Ndugu msomaji, sababu ipo, na kubwa zaidi ni mizania ya uzito, ambayo sisi mafundi wa ndege huipigia hesabu hadi leo kabla ya kila safari. Ndege uliyoiona ni de Havilland DH.50, iliyoanza kazi Qantas mwaka 1924 kwenye njia ya Charleville hadi Cloncurry, katika jimbo la Queensland, zaidi ya kilomita 900. Siku moja ilibeba abiria wanne na mifuko ya barua, siku nyingine barua peke yake. Mzigo unaobadilika namna hiyo ukiwekwa mbali na kitovu cha uzito, yaani pale ndege inaposawazika, ama pua itainama ama mkia utalemea, hata rubani ashindwe kuirekebisha ndege kwa usukani. Ndiyo maana chumba kiliwekwa katikati ya mabawa, karibu na kitovu hicho, naye rubani, ambaye uzito wake haukosekani safari yoyote, akakaa nyuma.

Mpangilio huo ulikuwa na gharama yake. Ndege ikiwa ardhini, mkia chini, pua ilimziba rubani mbele kabisa, ikambidi achungulie ubavuni ili aione njia.

Joto la Queensland lilikuwa tatizo jingine, nami naliona zito kuliko yote, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi: bawa hupata nguvu ndogo ya kuinua na injini hupungukiwa pumzi. Ndege nyingine, Vickers Vulcan, ilikataliwa na Qantas kwa kushindwa kupanda katika joto hilo. DH.50 za mwanzo zilitumia injini ya Puma ya nguvu za farasi 230, iliyopozwa kwa maji. Baadaye Qantas iliunda yenyewe DH.50 saba katika mji wa Longreach, Queensland, na baadhi yake zikafungwa injini ya Jupiter, iliyopozwa kwa hewa na yenye nguvu za farasi zaidi ya 400.

Faida ya chumba kile ilionekana wazi tarehe 17 Mei 1928, pale DH.50 iliyoitwa Victory ilipoondoka Cloncurry kwenda Julia Creek katika safari ya kwanza ya huduma ya daktari wa angani. Dkt. St Vincent Welch alisafiri ndani, na humo machela iliweza kulazwa na mgonjwa akahudumiwa bila upepo wala vumbi, huku rubani Arthur Affleck, nje nyuma yake, bila redio, akitafuta njia kwa dira, mito na nyaya za simu.