Usikariri Maana za "Run", Jifunze Linaandamana na Nini

Juma lililopita msomaji mmoja, muuguzi wa Kayole anayejiandaa kufanya OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, ili aombe kazi Uingereza, aliniandikia kwamba amepata orodha ndefu ya maana za kitenzi "run" na amekesha akiikariri bila mafanikio. Alitaka nimpe mbinu ya kuimeza haraka. Mbinu hiyo sina, wala sitamtafutia, kwa sababu kitenzi hiki hakikaririki: wahariri wa Oxford English Dictionary walipokipitia upya, mmoja wao, Peter Gilliver, alikaa nacho kwa takriban miezi 9, akatoka na maana 645.

Uchovu wake naujua. Nilipoanza kazi ya kutafsiri katika ofisi moja ya hapa mjini, mkubwa wangu alisema mbele ya wenzangu wote kwamba Kiingereza changu ni cha kufaulia KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hakitoshi kuhudumia wateja. Maneno hayo yaliniuma na bado yananiuma. Basi kila nilipopata nafasi nikawa ninaketi katika Maktaba ya McMillan, pale Banda Street, na magazeti ya siku hiyo, nikinakili katika daftari kila sentensi yenye "run", pamoja na yote yaliyoitangulia na kuifuata. Daftari hilo ndilo lililonifikisha hapa nilipo, kwani leo tafsiri za wenzangu huletwa kwangu nizisahihishe, jambo ninalojivunia bila haya.

Nilichokiona daftarini ni kwamba maana huletwa na jirani wa kitenzi. "Run" likifuatwa na hoteli au duka, ni kuendesha. Likiwa la bomba, ni maji kutiririka. Na mgonjwa aliye "running a temperature" ana homa. Kihusishi nacho hugeuza kila kitu: wodi iliyo "run out of gloves" imeishiwa na glavu, ukim-"run into" daktari sokoni, mmekutana bila kutarajia, ilhali gari likifanya hivyo kwa ukuta, limeugonga. Betri iliyo "run down" imeisha chaji, na muuguzi wa namna hiyo amechoka hadi afya imedorora.

Hakuna mama aliyetukalisha kitako akatusomea orodha ya maana za "piga". Tulisikia piga pasi, piga deki, piga hodi, piga kura, na kila moja ikatuingia ikiwa na mwenzake, ndiyo maana hatuzichanganyi hata tukiwa usingizini.

Kwa muuguzi liko jambo moja zito zaidi. Hapa Nairobi mgonjwa akisema ana "running stomach", kila mtu kliniki anaelewa kwamba anahara, lakini Mwingereza hasemi hivyo, na kwake maneno hayo yatasikika mageni. Aseme "diarrhoea" na mambo yatanyooka. Vivyo hivyo katika siasa: Mmarekani "runs for" kiti, Mwingereza "stands for" kiti hichohicho, na magazeti yetu yanapenda "vie". Anayejifunza kwa orodha hawezi kuzijua tofauti hizi, kwa kuwa orodha haimwambii nani anasema nini, na wapi.

Vijana wenzangu, tuache kupenda njia za mkato katika lugha. Wewe uliyeniandikia, ifute orodha hiyo kwenye simu yako. Sikiliza mazungumzo ya daktari na mgonjwa unayotumia kujiandaa, na kila "run" linapotokea, simamisha, andika sentensi nzima, kisha utunge yako kuhusu jambo lililotokea zamu hiyo wodini kwako. Sentensi chache kwa siku zinatosha, mradi usiandike neno likiwa peke yake.