Mama anakojoa sana, mbona fosfeti iko juu?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, ana sukari muda mrefu, tuko Pasua hapa Moshi. Majibu ya maabara yanaonyesha kreatinini (taka ya damu inayotolewa na figo) na fosfeti (madini yatokayo kwenye chakula) ziko juu, anawashwa mwili mzima na miguu imevimba. Jirani katuletea unga wa kusafisha figo, eti anywe na maji lita 5 kila siku. Mkojo unatoka mwingi tu hasa usiku, sasa hiyo fosfeti inabakije?

Jibu: Marahaba dada. Hizo lita 5 simamisha leo. Miguu ikishavimba ujue maji yameshamzidi, ukiendelea kumjaza yatafika kwenye mapafu.

Sasa hili la mkojo mwingi basi figo nzima, nalisikia kila kliniki na linaniumiza kweli. Watu wanaichukulia figo kama chujio la chai, limeziba, mwagia maji litazibuka. Hapana jamani. Figo nzima zinachuja kama lita 180 kwa siku halafu mkojo unaotoka ni lita moja na nusu hivi, yote iliyobaki mirija ya figo inairudisha kwenye damu, na nini kirudi nini kitoke zinaamua homoni. Maji yana homoni yake, ADH, inatoka kwenye ubongo na kufungua milango ya maji kule mwishoni mwa mirija. Ukinywa maji mengi ADH inashuka, milango inafungwa, unakojoa mkojo mweupe. Fosfeti haimo kabisa kwenye hiyo habari! Yenyewe inarudishwa kule mwanzoni mwa mirija, na inasikiliza homoni nyingine mbili, PTH ya tezi ndogo za shingoni na FGF23 inayotoka kwenye mifupa. Hizo zikipanda zinawaondoa wabebaji wa fosfeti kwenye ukuta wa mrija, inakosa wa kuirudisha, inatoka.

Kwa mama, inaelekea sukari imeshaua sehemu kubwa ya figo, kwahiyo homoni zinaamrisha weee lakini mirija ya kutii imebaki michache, fosfeti inabaki kwenye damu na inachangia huo muwasho, na PTH ikikaa juu muda mrefu inakula mifupa. Mkojo wa usiku ni mirija iliyochoka isiyoisikia ADH vizuri, na sukari ikipanda nayo inavuta maji. Yaani huo mkojo mwingi ni ugonjwa wenyewe.

Fosfeti inashushwa kwa chakula (soda nyeusi, soseji na dagaa wa kutafuna na mifupa apunguze) na vidonge vya kuishika tumboni, vinamezwa pamoja na chakula, sio saa yoyote. Maji kiasi gani aambiwe na daktari wake aliyempima.

Huo unga sasa. Anayekuuzia hajui kilichomo na hajapima kreatinini ya mtu. Ubelgiji miaka ya 1990 wanawake walikunywa mitishamba ya kupunguza uzito, mmea mmoja ukaua mirija ya figo zao, wengine wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu, na ile nayo iliitwa dawa ya asili. Na diclofenac za dukani za maumivu ya mgongo nazo mama asiguse.

Usiutupe huo unga, nenda nao na pakiti yake anapotibiwa. Akianza kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke usiku huohuo.