Kinyesi cha Kuku na Vijidudu vya Kukiozesha

SWALI: Mhariri, ninafuga kuku wa nyama 500 juu ya maranda. Kila ninaposafisha banda, harufu huwakera majirani, na mahindi niliyoyawekea kinyesi kibichi msimu uliopita yaliungua. Muuza pembejeo amenishauri ninunue chupa ya vijidudu hai vya kuozesha kinyesi. Je, vinafaa kweli? Na manyoya je, yataoza?
Mfugaji, Kibaha

JIBU: Vinafaa, ila rundo lako tayari lina bakteria na kuvu wasiohesabika, na kinachokosekana ni chakula chao kilichopimwa vizuri. Nitrojeni inayotoka mwilini mwa kuku ni asidi ya yuriki, ule utando mweupe juu ya kinyesi, ambayo bakteria huivunja kuwa yurea na kisha amonia. Kwa hiyo harufu inayowasha macho ni mbolea yako inayopotelea hewani.

Bakteria wa kuozesha hustawi wakipata kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa nitrojeni sehemu moja, ilhali kinyesi kitupu kina kaboni sehemu 10 hivi au pungufu. Maranda hupunguza upungufu huo, lakini huoza polepole, hivyo ongeza mabua yaliyokatwakatwa au nyasi kavu, kisha lundika hadi kimo cha mita moja au zaidi. Ukiminya konzi ya mchanganyiko, yatoke matone mawili matatu tu. Katikati ya rundo joto litapanda hadi nyuzi 55 au 65 za Selsiasi, nalo likidumu kwa siku kadhaa huua Salmonella, bakteria waletao maradhi ya kuhara, na mbegu za magugu; pindua rundo kila linapoanza kupoa, ili tabaka la nje nalo lipate zamu yake ndani. Tafadhali usimwage chokaa wala majivu kwa nia ya kuondoa harufu, kwa maana huifukuza amonia itoke kwa wingi zaidi.

Chupa za namna hiyo kwa kawaida huwa na bakteria wa maziwa mgando, hamira na bakteria wanaotumia mwanga, mchanganyiko ulioenezwa na Teruo Higa wa Chuo Kikuu cha Ryukyus, Okinawa, tangu miaka ya 1980. Asidi ya bakteria hao husaidia kuizuia amonia isitoroke. Hata hivyo, katika rundo lililolowa chapachapa au lisilo na mabua, fedha yako itakuwa imepotea. Ukiinunua, izimue kwa maji yasiyo na klorini. Mimi ningeanza na koleo chache za mboji iliyokwisha kuiva.

Manyoya ndiyo magumu, kwa sababu takriban asilimia 90 yake ni keratini, protini iliyofungwa kwa viunganishi vya salfa. Yupo bakteria anayeiweza, Bacillus licheniformis, na aina yake mojawapo iligunduliwa na Jason Shih na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, ndani ya mtambo wa kuozesha kinyesi cha kuku. Yaloweshe na kuyachanganya vizuri. Yatakayobaki mboji ikishaiva, yachekeche uyarudishe katika rundo jipya.