Ijumaa usende: mimi nilinunua minazi 22 nikidhani nimenunua ardhi

Marahaba nitaitikia mwisho. Kwanza hiyo Ijumaa usende.

Umeandika aya tano, mdogo wangu. Nne nzima ni za masomo, kazi na kuhama Wete, na lile la kwamba wewe na wenzako saba mliomaliza pamoja 2019 mnachanga milioni nne nne mnunue kiwanja mashariki ya Unguja umelitia katika sentensi moja tu, katikati, kama mtu anayesema jana kwao kulinyesha. "Ijumaa baada ya sala tunalipa inshaallah, mwenzetu ashapatana na mzee, kwa sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) kila kitu tayari." Halafu ukamalizia na "ardhi haiozi". Nilipofika hapo nikaweka kikombe cha chai chini. Maneno hayo hayo niliambiwa mwaka 2012 na mtu niliyesoma naye, na mpaka leo nikiyasikia mkono unakwenda wenyewe kushika mfuko.

Mmetaka sisi wahitimu wa zamani tuseme tumefikia wapi. Haya, mimi nimefikia hapa: nilimaliza SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, 2008, ualimu, Kiswahili na Historia, enzi hizo tukisoma Vuga na Beit-el-Raas, mambo ya kampasi ya Tunguu bado. Leo nimeshapita arubaini, bado nafundisha, na masters nimeipata 2023 wakati niliokaa nao dawati moja wanayo tangu zamani na mmoja wao ndiye aliyenisahihishia insha. Pale katikati pana shimo la miaka saba, na ndani ya shimo hilo mna minazi.

Tulikuwa sita, sote walimu. Kiongozi wetu simtaji, ana watoto wanaosoma na mimi nina haya zangu. Chuoni alikuwa katika uongozi wa wanafunzi, yule ambaye pesa za mkopo zikichelewa ndiye anayekwenda kugonga milango mpaka zitoke. Sasa mtu aliyekutoa njaa ukiwa na miaka ishirini na tatu, akija miaka minne baadaye akakwambia kuna kiwanja, utamuomba karatasi? Unaona aibu. Hiyo aibu ndiyo iliyoniuza, kabla hata ya yule mzee kuuza chochote.

Akatukusanya barazani kwake. Kiwanja kiko hatua chache kutoka barabara ya lami, bahari unaisikia, tunajenga vyumba vinne vya wageni, kila mwezi tunagawana. Milioni thelathini, yaani tano kila kichwa, na moja moja juu yake ya msingi. Mimi sita sikuwa nazo, nikaenda benki nikakopa kwa mshahara: miezi 48, wanakata 180,000 kila mwezi. Karibu nusu ya mshahara wangu wa wakati ule ilikuwa ikiondoka kabla sijauona. Jumla nilirudisha 8,640,000. Hesabu hiyo sikuifanya siku ya kukopa. Niliifanya baadaye sana, usiku, umeme umekatika na usingizi hauji.

Sasa nisikilize vizuri hapa.

Siku ya kuoneshwa tulikwenda na gari ya shamba, Jumapili, tumevaa vizuri kama tunakwenda kuposa. Mzee akatupokea, mstaarabu, akatukatia madafu. Akainuka na bakora yake akaanza kupita mti kwa mti, anaugonga kila mmoja: huu, na huu, na huu, mpaka ishirini na mbili. Sisi tunacheka, tunaona mzee wa watu ana mapenzi na shamba lake. Mwenzetu mmoja alimpiga picha. Mzee alikuwa anatuonesha anachouza! Alituonesha kimoja kimoja, kwa kugonga, na watu sita wenye shahada tukafikiri ni ngoma.

Wewe mtu wa Pemba hili unalijua kuliko mimi, ndiyo maana nakushangaa. Kwenu babu wa mtu anaweza kuwa na mikarafuu kumi yake mwenyewe ndani ya shamba la watu wengine, anachuma, anauza, anarithisha, na hakuna anayemuuliza, lakini mchanga ulio chini yake si wake. Huku Unguja na minazi ni hivyo hivyo. Mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Kila mtoto wa shamba analijua hilo. Mimi ni mtoto wa Mjini, nimezaliwa ghorofani, nazi nimezijua sokoni Darajani zimeshafuliwa.

Na karatasi haikudanganya, hilo ndilo linaloniuma mpaka kesho. Imeandikwa kwa mkono, hati nzuri: "Mimi fulani bin fulani nimeuza kwa hiari yangu minazi yangu 22 iliyopo mahali paitwapo kadha wa kadha, kwa bei tuliyoridhiana." Mashahidi wawili, saini zetu sita, muhuri wa sheha. Minazi yangu ishirini na mbili. Neno ardhi halimo, neno kiwanja halimo, na bei haimo. Wakati huo nilikuwa nafundisha ufahamu kidato cha pili. Watoto wakikosa nawaambia "soma swali mara mbili". Wallahi.

Tukaanza kujenga mwanzo wa 2013. Kwa kuwa msingi ulitaka nafasi, tukakata minazi tisa. Ipime vizuri hiyo: tulichokimiliki tulikikata kwa kulipa watu, tukajenga juu ya kitu kisichokuwa chetu. Ukitafuta wapumbavu wakamilifu zaidi ya hapo utachoka.

Msingi ulipofika magotini akaja bi mkubwa mmoja, kajifunga kanga yake, hana hasira hata kidogo, akakaa kitako juu ya mawe yetu.

"Nyie ndio mlonunua minazi?"

"Ndiyo, bibi."

"Iko wapi?"

Tukamuonesha visiki.

"Basi mali yenu mshaila. Haya mawe sasa mtayapeleka wapi?"

Ardhi ilikuwa ya marehemu mama yao, haijagawiwa. Warithi tisa: wawili Muscat, mmoja Mombasa, sita hapa hapa, na yule mzee wa bakora si miongoni mwao. Yeye alipanda miti kwa ruhusa ya marehemu tangu ujana wake, basi. Tukamkimbilia sheha, sheha akasema mimi nimegonga muhuri kwenye kuuziana minazi, someni. Tukasoma. Kwa mara ya kwanza.

Mmoja wetu alitaka twende Mahkama ya Ardhi. Tukamuona wakili, akaisoma ile hati kwa muda wa kunywa chai, akauliza tunataka kumshitaki nani, kwa kosa gani? Aliyeuza ameuza chake. Mwenye ardhi hajauza. Sote tukageuka kumtazama kiongozi, na kiongozi akawa anatazama simu.

Maana mzee tulipomuuliza, kwa upole tu, alipokea ngapi, alisema milioni nne. Nne, mdogo wangu. Tulitoa thelathini, na zote zilipita mkononi mwa mtu mmoja kwa sababu "mzee hapendi kuona watu wengi, ataongeza bei". Ishirini na sita zilikwenda wapi? Gharama, alisema. Gharama gani? Za kufuatilia. Kufuatilia nini? Mpaka leo zinafuatiliwa. Na mtu huyu, sikiliza vituko, mwaka jana nimemkuta kwenye mkusanyiko wa wahitimu amevaa suti, kapewa kipaza sauti, anawapa vijana nasaha za uwekezaji. Ardhi haiozi, anawaambia. Ukumbi unapiga makofi. Mimi nilikuwa na sambusa mdomoni nikashindwa kuimeza wala kuitema. Kama huyo mwenzenu aliyepatana na mzee ameokota msemo wake ukumbini siku ile, sitashangaa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nimeilipia zaidi ya milioni nane: usitoe hata mia mpaka umewaona warithi wote wa ardhi, kwa macho yako, na wamekwambia kwa midomo yao wanauza nini. Wote. Si mkubwa wao, si msemaji wao, si uliyesoma naye. Mke wa marehemu mwenye thumni yake, ile moja ya nane, naye yumo. Aliyeko Muscat apigiwe simu ya video, muone uso. Ukiambiwa "hao wengine hawana neno", hapo hapo omba udhuru ukasali.

Na muhuri wa sheha usikulewesheni. Ule unashuhudia kwamba mmekutana, fulani kauza na fulani kanunua, haukupi ardhi. Ardhi yote ya Zanzibar kwa sheria ya 1992 ni mali ya umma, ipo mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi, na sisi tunachokuwa nacho ni haki ya kuitumia. Haki hiyo ikihama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, ipo Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi tangu 1994, na kazi yake ndiyo hiyo. Muulize mwenzako faili la Bodi liko wapi. Usimuulize kama lipo, muulize liko wapi, umtazame macho. Halafu muulize kama ni shamba la eka tatu, zile walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi ya 1964, maana zile zina masharti yake na aliyepewa hawezi kuamka asubuhi akakata vipande akauza. Na kama ni wakfu, mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, haiuziki, hata warithi wakija mia na wakichapa saini za dhahabu.

Lakini hayo yote yanakuja baada ya warithi. Ukianza na karatasi utaoneshwa karatasi, za kuonesha hazikosekani. Anza na watu. Warithi wenye kitu chao hawafichiki, wataanza kugombana mbele yako, na ugomvi huo ndio risiti yako.

Uliuliza masters usome sasa au ungoje. Nitakujibu kwa hilo hilo. Mwaka 2014 nilipata nafasi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ada inalipwa, chumba na chakula juu yangu. Nikakaa na mke wangu tukapiga hesabu: 180,000 za benki, watoto wawili, mama yangu mgonjwa. Haikukubali kwa upande wowote. Nikaandika barua ya kuikataa, kwa Kiingereza kizuri sana, nikasema "sababu za kifamilia". Sikuandika "minazi". Deni likaisha 2016, mama akafariki, mtoto wa tatu akaja, na mimi nikaenda kusoma 2021 nikiwa naitwa "mzee" na watu wa darasa langu. Basi ukipata nafasi nenda, mshahara ukiwa haujafungwa kamba na mtu. Ndiyo maana nakwambia Ijumaa usende.

Wenzangu wengine, kwa kuwa mmeuliza: mmoja ni mwalimu mkuu wa skuli moja huko Micheweni, Pemba, na anapendwa. Mmoja yuko Oman. Mmoja alitoka ualimu akaingia hesabu za hoteli, yuko vizuri, ana gari. Mmoja ametangulia mbele ya haki, Allah amrehemu, na sehemu yake ya minazi wanayo watoto wake, kwa hiyo sasa na sisi tuna warithi. Wa sita nishamtaja bila kumtaja.

Kuacha ukufunzi, sijui uliita nini, kuingia utalii... nimepanda juu kusoma tena swali lako, kumbe uliuliza pia kodi za nyumba Mjini na kama mkeo apate uhamisho kwanza. Hayo atakujibu mwengine, mimi nimeshachoka na kichwa kinaniuma.

Fanya hivi. Usiwaambie wenzako kwamba kuna mtu kakutisha, watakuita mwoga na utaona aibu, na aibu nishakueleza inauza nini. Sema unaumwa tumbo. Kisha Jumamosi panda gari peke yako, nenda huko kiwanjani bila mwenzenu, tafuta mama yeyote anayesuka ukili kizingitini, umuulize tu: bibi, hapa pa nani? Usitaje kununua. Na ile hati waombe wakutumie picha, usome mstari wa pili na wa tatu. Ukikuta neno "minazi" nipigie hata kama ni usiku.

Yetu imebaki kumi na tatu. Yule bi mkubwa mwadilifu, kila mkwezi akipanda ananipigia simu nikachukue changu, na mawe ya msingi bado yako pale, wanaanikia dagaa.

Marahaba.