Anza na Maswali Utakayoulizwa Majini

Swali la wiki lilikuwa hili: "Mtu mzima anayetaka kubatizwa ajiandae vipi, na atajuaje kwamba yuko tayari?" Nimefundisha darasa la ubatizo kwa miaka 14, na hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko hili. Kwa kawaida huulizwa na mtu mmoja anayebaki nyuma wenzake wakishatoka.

Jibu langu ni kwamba ayachukue maswali atakayoulizwa siku ya ubatizo, akae nayo tangu juma la kwanza, mpaka ajue kila "ndiyo" yake inamdai nini. Masomo mengine yote, kuanzia Amri Kumi mpaka maana ya sakramenti, yanamsaidia kufika hapo.

Mimi sikuandaliwa hivyo. Nilibatizwa nikiwa na miaka 19. Nilikuwa nimekariri Baba Yetu, Imani ya Mitume na vitabu vya Biblia kwa mpangilio wake, na nilifaulu vizuri. Siku yenyewe nikaulizwa kama ninamkataa Shetani, na mambo yake yote, na fahari zake zote. Nikajibu "Namkataa" kwa sauti kubwa, kama tulivyofundishwa. Hakuna aliyekuwa amenikalisha chini akaniuliza hayo mambo yake, kwangu mimi, ni yapi. Wakati huo nilikuwa nimekaa na fedha za watu, na kulikuwa na binti niliyemdanganya. Hayo hayakunijia hata akilini. Yalinijia miaka mitatu baadaye, usiku, na nililia sana.

Nilipoanza kusoma historia ya Kanisa ndipo nikaona jinsi Wakristo wa kwanza walivyoyachukulia maswali haya kwa uzito. Kuna kitabu cha kale cha taratibu kiitwacho Mapokeo ya Mitume, ambacho wengi wamezoea kukihusisha na Hippolytus wa Roma. Kinaagiza mkatekumeni, yaani mtu anayefundishwa ili abatizwe, afundishwe miaka 3, kisha papo hapo kinaongeza kwamba akiwa na bidii, kinachopimwa ni mwenendo wake wala si muda. Wakati wa kuwachagua watakaobatizwa ukifika, kitabu hakisemi wapimwe kwa kukariri. Kinasema ichunguzwe kama wamewaheshimu wajane, kama wamewatembelea wagonjwa, kama wametenda mema, na waliowaleta ndio watoe ushuhuda. Kisha mtu akiwa ndani ya maji anaulizwa mara tatu: unamwamini Mungu Baba? Unamwamini Kristo Yesu? Unamwamini Roho Mtakatifu? Kila anapojibu "Naamini", anazamishwa. Ile Imani ya Mitume tunayoisali leo ilikua kutokana na maswali ya namna hiyo. Ilikuwa mazungumzo kati ya mtu aliyelowa maji na Kanisa lililomsubiri ukingoni, na ndiyo sababu huniuma kuiona imegeuzwa mtihani wa kukariri.

Wapo watakaoniambia: mbona yule towashi wa Kushi, katika Matendo sura ya 8, alibatizwa siku ileile? Ni kweli. Lakini mtazameni vizuri. Alikuwa ametoka Yerusalemu kuabudu, safari ndefu. Mhubiri Filipo alimkuta anasoma kitabu cha nabii Isaya, akamuuliza kama anaelewa, naye akajibu bila kuona aibu: "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Baada ya kufundishwa, ni yeye aliyeyaona maji akauliza kinachomzuia asibatizwe. Mstari wa 37, ambapo Filipo anamtaka kwanza aamini kwa moyo wote naye anakiri imani yake, haumo katika nakala za kale zaidi za Matendo. Wataalamu wengi huona kwamba uliongezwa baadaye. Mimi naupenda hata hivyo, kwa sababu unaonyesha mioyo ya waliounakili: hawakuweza kumwazia mtu akiingia majini bila kuulizwa na bila kujibu.

Yule mlinzi wa gereza la Filipi naye alibatizwa usiku uleule, yeye na watu wake wote. Lakini Luka, mwandishi wa Matendo, anatuambia alianza kwa kuwaosha wafungwa wake, Paulo na Sila, mapigo yao, ndipo akabatizwa. Aliwaosha, kisha akaoshwa. Ukiniuliza mtu aliyejiandaa kwa saa chache anafananaje, nitakuonyesha huyo.

Kwa hiyo, wewe uliye darasani sasa, au unayefikiria kuanza, omba upewe maswali ya ubatizo ya kanisa lako mapema. Maneno yanatofautiana kati ya kanisa na kanisa, lakini karibu yote yana sehemu mbili: unachokikataa na unayemwamini. Watu wengi huikimbia ile ya kwanza kwa sababu wanamwazia Shetani wa picha, mwenye pembe, na ni rahisi sana kumkataa huyo. Katika Yerusalemu ya karne ya 4 waliobatizwa waligeuzwa waelekee magharibi, upande jua linakozama, wakanyosha mkono na kumkataa Shetani kana kwamba amesimama mbele yao. Kisha wakageukia mashariki kuikiri imani. Mwili wote ulijua umeacha nini na umeelekea wapi. Jiulize basi magharibi yako ni ipi. Ni nani unamdai msamaha, na nani anakudai wewe? Kuna mtu anayelala na njaa au na aibu kwa sababu yako? Unapoona Mungu anachelewa, ni wapi unakokimbilia kwa siri? Andika majibu. Usimwonyeshe mwalimu kama hutaki, lakini andika. Na lile linalowezekana kurekebishwa, anza kulirekebisha kabla ya siku yenyewe.

Sehemu ya pili inahitaji mafundisho kwelikweli, na hapa simpuuzi mwalimu yeyote. Paulo anawaambia Warumi katika sura ya 6 kwamba tuliobatizwa katika Kristo Yesu tulibatizwa katika mauti yake, tukazikwa pamoja naye, ili tuenende katika upya wa uzima. Mtu anapaswa kujua kwamba anaingia kaburini na kutoka. Wengine huzamishwa mwili mzima, wengine humwagiwa maji kichwani. Didake, maandiko ya Kikristo ya kale sana, inataka maji yanayotiririka. Yasipokuwapo, maji mengine. Na yakiwa haba, yamiminwe kichwani mara tatu kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Inataka pia anayebatizwa afunge siku moja au mbili kabla, na kwamba anayembatiza afunge pamoja naye. Tangu niliposoma hayo sijawahi kumwambia mwanafunzi afunge peke yake.

Lakini si lazima aelewe kila kitu. Mababa wa Kanisa, yaani walimu wakuu wa Kanisa la kale, waliacha baadhi ya mafundisho mpaka baada ya ubatizo, katika juma la Pasaka, wakiamini kwamba mambo mengine hueleweka vema zaidi kwa aliyekwisha kuyapitia. Ninawaambia wakatekumeni wangu: kama unasubiri mpaka Utatu Mtakatifu usikusumbue tena akilini, hutabatizwa kamwe. Mei 1886, Karoli Lwanga, mlei, yaani mwamini asiye padri, ambaye mwenyewe alikuwa amebatizwa miezi michache tu kabla, aliwabatiza wakatekumeni wanne katika makao ya Kabaka Mwanga wa Buganda, kijana Kizito akiwa mmojawao, kwa sababu hapakuwa na muda wa kumsubiri padri. Juni 3 wote waliuawa Namugongo. Mafundisho yao hayakuwa yamekamilika, ila swali walikuwa wamelijibu.

Mzazi anayemleta mtoto mchanga, katika makanisa yanayobatiza watoto, ndiye mwenye kujiandaa, kwa kuwa maswali yataelekezwa kwake na kwa msimamizi. Msimamizi achaguliwe kwa imani yake, atakayesali nawe na kukukemea, hata kama zawadi hana. Nguo nyeupe ni nzuri. Jina jipya ni jambo jema ukilipenda, lakini si jina linalokubatiza.

Nirudi kwenye kilio changu cha usiku ule, kwa sababu najua wapo wanaosoma hapa wakiwa na mzigo huohuo. Nilitaka kubatizwa upya. Niliona ule wa kwanza ulikuwa maneno matupu. Mzee mmoja wa kanisa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba ahadi ya Mungu haikuwa tupu hata kama yangu ilikuwa, na kwamba ninachotakiwa ni kurudi kulijibu swali lile kwa kweli. Makanisa mengi hukiri ubatizo mmoja na hayarudii. Yako mengine yanayotaka imani ya mtu mwenyewe itangulie, nayo humbatiza hata aliyebatizwa utotoni. Sitaki kugombana na ndugu zangu hao. Mimi nilirudisha zile fedha. Binti nilimtafuta nikamwomba radhi, akakubali. Na kila Pasaka, waamini wanapoalikwa kurudia ahadi za ubatizo, nasema "Namkataa" nikijua ninasema nini.

Na atajuaje kwamba yuko tayari? Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi, mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Majuma mawili kabla ya ubatizo alikuja akaniomba jina lake litolewe. Akasema: "Mwalimu, lile swali la kwanza siwezi kulijibu. Kuna shamba la ndugu yangu ninalo mimi." Sikumbembeleza. Alikaa mwaka mzima akihudhuria ibada kila Jumapili, akiketi nyuma. Katika mwaka huo alimrudishia ndugu yake shamba. Ndugu alipokea, lakini hakukubali kusalimiana naye, na mpaka leo hawasalimiani. Mchungaji wetu alipoelezwa, alisema kilichokuwa mikononi mwake amekifanya. Siku ya ubatizo alinikuta mlangoni, akanishika mkono akaniambia, "Mwalimu, nisomee tena yale maswali, polepole." Nikamsomea yote. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akaingia.