Maswali ya Wasomaji: Makanisa na Viwanja vya Lisbon

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa Kiislamu, mkazi wa Mombasa. Mwezi wa Novemba nitamtembelea binti yangu anayesoma Ureno, nami nitapata siku mbili za kuuzunguka mji wa Lisbon. Je, asiye Mkristo huruhusiwa kuingia katika makanisa ya kale? Na kwa kuwa ni mengi mno, nianzie wapi? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Mama yetu wa Kisauni, ruhusa ipo, na hakuna atakayekuuliza dini yako mlangoni. Linalotakiwa ni mavazi ya heshima, ambayo bila shaka unayo, na utulivu; misa ikiwa inaendelea, mgeni hukaa nyuma au hungoja nje, wala hazunguki akipiga picha.

Ningekushauri uanzie kwenye magofu ya Carmo, kwa sababu huwezi kuuelewa mji huo bila kujua yaliyoupata tarehe 1 Novemba 1755. Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, watu wamejaa makanisani na mishumaa imewashwa, ardhi ilipotetemeka. Kisha maji ya bahari yakapanda mtoni hadi mjini, na moto ukaunguza kwa siku kadhaa kilichosalia. Kanisa la Carmo, lililoanzishwa mwaka 1389, liliporomokewa na paa lake, na halikuezekwa tena. Matao yake yangali yamesimama juu ya ukumbi mtupu, kama mbavu za jahazi ambalo fundi hajalipigilia mbao, na mvua ikinyesha hunyesha mpaka ndani.

Kutoka hapo teremka hadi kanisa la São Domingos, karibu na uwanja wa Rossio. Wageni wengi hulipita, nami naona wanakosea. Liliharibiwa na tetemeko hilo, likajengwa upya, kisha likaungua mwaka 1959. Waliolitengeneza walilipa paa jipya lakini nguzo wakaziacha jinsi moto ulivyoziacha, na ukisogea karibu utaona jiwe lilivyobanduka magamba na kupasuka. Nje kuna mnara mdogo wa kuwakumbuka Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa, ambao walianza kuuawa hapo mwaka 1506, mauaji yakaenea mjini. Siku hizi kiwanja hichohicho ni baraza la Waafrika, hasa watu wa Guinea-Bissau, wanaokutana kuzungumza na kupeana habari za kwao.

Kanisa la São Roque kwa nje ni la kawaida kabisa. Ndani, upande wa kushoto, kuna kikanisa cha Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambacho Mfalme João wa Tano aliagiza kijengwe Roma. Kilipokamilika, Papa alisomea misa ndani yake mwaka 1747, kikabomolewa kipande kwa kipande na kusafirishwa kwa merikebu tatu. Picha zake utadhani zimechorwa kwa rangi na brashi, kumbe zimepangwa kwa vipande vidogo mno vya rangi mbalimbali. Dhahabu ya Brazil ndiyo iliyowezesha israfu hiyo.

Siku ya pili nenda Belém, mtaa wa Lisbon ulio kando ya mto, kwenye monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwaka 1501 na ambayo tetemeko halikuiangusha. Humo ndimo lilimo kaburi la Vasco da Gama, aliyepokewa vibaya Mombasa mwaka 1498 akaenda kupata urafiki Malindi. Sehemu ya gharama ilitoka kwenye ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki, na miaka michache tu baada ya msingi kuwekwa, mwaka 1505, Wareno waliupora na kuuchoma mji wako. Basi tazama mawe yaliyochongwa kamba na matumbawe, ambayo ni mazuri kweli, lakini huna deni la kumnyenyekea yeyote aliyelala pale.

Viwanja havina kiingilio. Praça do Comércio ndipo lilipokuwa kasri la mfalme hadi mwaka 1755. Leo majengo ya manjano yamekizunguka pande tatu, upande wa nne ukiangalia mto Tejo. Mitaa iliyonyooka nyuma yake ilipangwa upya baada ya tetemeko chini ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, na ndani ya kuta za nyumba zake mafundi walificha fremu za mbao ili ziyumbe bila kubomoka.

SWALI: Je, ni bora kupanda tramu namba 28, lile gari la abiria lipitalo kwenye reli mitaani, au kutembea kwa miguu? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Panda tramu asubuhi na mapema, kabla haijafurika, na mkoba uuweke mbele, kwa kuwa wachomozi huipenda kuliko watalii. Kwingineko tembea, ukivaa viatu vyenye soli ya mpira, maana mawe ya njia, hasa yale ya mawimbi meusi na meupe pale Rossio, huteleza sana mvua ikinyesha. Usipange kwenda Carmo Jumapili wala Jerónimos Jumatatu, utakuta pamefungwa.